Kitabu kimepewa tuzo kubwa, mimi kimeniboa. Shangazi, shida ni mimi?

Shikamoo Shangazi,

Safu yako naisoma kimyakimya muda mrefu sana, sijawahi kuandika kwa sababu shida za wenzangu huwa nzito, mtu kaachwa na watoto watatu, mtu kadhulumiwa kiwanja, mtu mama mkwe hamtaki, sasa mimi naanzia wapi kuja kulia hapa eti kuna kitabu nimesoma kikaniudhi. Ila wiki ya pili hii usingizi wangu mbovu kwa ajili ya hicho hicho kitabu, na Jumamosi natakiwa nikizungumzie mbele za watu, kwa hiyo nivumilie tu.

Nakaa Ilazo hapahapa Dodoma, kazini kwangu ni wizara moja kule Mtumba. Tuna kikundi chetu cha kusoma, tuko tisa, wengi watu wa maofisini na wawili wanafundisha chuo. Mara moja kwa mwezi tunakutana kwenye kamgahawa karibu na Nyerere Square, tunaagiza chai, wengine wanajipatia kile kinywaji cha zabibu zetu, kitabu tunakiongelea kama saa moja hivi, masaa mawili yanayobaki ni umbea. Nakipenda hicho kikundi sana. Kwa mwezi mzima ndo sehemu pekee ambayo siitwi mama fulani wala siitwi afisa.

Mwezi huu zamu ya kuchagua ilikuwa ya mwalimu mmoja wa chuo, akachagua riwaya ya Mwingereza Julian Barnes, inaitwa The Sense of an Ending. Akatuandikia kwenye grupu ujumbe mreefu, kwamba ilichukua tuzo ya Booker 2011, kwamba hajaona kitabu kilichoongelea kumbukumbu na uzee kama hiki, kwamba yeye alilia. Halafu akasema anayefungua mjadala niwe mimi, "kwa sababu ya mzee". Maana wote wanajua naishi na baba.

Ngoja nikueleze kuhusu baba, bila hivyo hutanielewa.

Baba ana kama miaka 78. Mwenyewe anasema alizaliwa Kongwa mwaka wazungu waliposhusha matrekta ya ule mradi wao wa kulima karanga, babu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki, kwa hiyo tunakadiria 1947. Mradi ulivyokufa wakarudi kwao huku upande wa Ihumwa, ndo alikolima na kufuga maisha yake yote. Mwaka juzi akaanza kupoteza vitu, mara fimbo, mara redio, baadaye majina ya wajukuu, baadaye akapotea yeye mwenyewe, tukamkuta Nzuguni anatembea pembeni ya barabara ndala mguu mmoja. Kaka akasema yeye ameshindwa, nikamchukua mimi. Hospitali hatujaenda, ndugu wanasema ni uzee tu, na ukianza habari za hospitali utasikia unataka kumpeleka Mirembe, kwa wagonjwa wa akili, baba yako mzazi.

Sasa kila siku ikifika saa kumi na mbili jioni baba anasimama. Anavua ile kamba ya pazia la sebuleni, anaizungusha kwenye mguu wa sofa, anapiga fundo, anavuta mara mbili kuona kama imekaza. Hapo kamfunga ndama. Akimaliza ananigeukia, "Wengine wako wapi?" Namwambia baba, ng'ombe tuliuza. "Nani kauza?" Wewe mwenyewe baba, ulivyouza shamba na ng'ombe wakakosa pa kuchungia. Anakaa. Dakika kumi, anasimama tena, anaenda kuangalia fundo.

Kwa hiyo nilivyoambiwa kuna kitabu cha kumbukumbu na uzee kimepewa tuzo dunia nzima, nilijua nimepata mtu. Nikakisoma kwenye simu usiku, huwa nalala mlango wazi nimsikie akiamka. Kifupi tu, kurasa mia na hamsini hivi, siku mbili nimemaliza.

Shangazi, nimekuta nini. Mzee anaitwa Tony, kastaafu, mzima wa afya, ana nyumba yake safi, mtalaka wake bado wanatoka kwenda kula chakula cha mchana pamoja wanacheka. Mama wa msichana aliyekuwa naye zamani chuoni amekufa, kamwachia paundi 500 na shajara ya rafiki yake aliyejiua wangali vijana. Yule msichana, Veronica, naye sasa ni mama mzima, hataki kutoa shajara. Basi kinachofuata ni baba wa watu anatuma imeili, anasubiri majibu, anawaza kwa nini miaka arobaini iliyopita wikiendi moja kwa wazazi wa msichana walimwangalia vile. Kuna sehemu yuko baa anabishana na mhudumu kwamba chipsi ni nene mno, anataka za wembamba. Hapo nilizima simu nikaenda kukaa uani.

Uzee gani huu ambao mtu anakumbuka mpaka unene wa chipsi? Hakuna anayemwogesha, hakuna anayemtafuta usiku, hajamuita binti yake kwa jina la marehemu mama yake. Na mwisho wenyewe ilibidi nirudie mara mbili ndo nijue nani ni mtoto wa nani. Nilipoandika kwenye grupu kwamba mi bado hakijanigusa, yule mwalimu akajibu kiupole kwamba asiyekipenda ni bado hajakielewa. Wakamuwekea makofi.

Hata kaka nilivyomwambia nasoma kitabu cha uzee alicheka, akasema ningeanza na ile barua yangu ya 2009. Hayo mambo ya zamani, nilikuwa chuo Dar, ada ikakwama, mzee alikuwa hataki hata kusikia simu, nikamwandikia kumshauri tu kwamba auze lile shamba kuliko mimi nirudi nyumbani, neno kwa neno sikumbuki ila ilikuwa barua ya kawaida, na heshima zote. Akauza. Miaka saba mbele serikali ikasema inahamia Dodoma, bei za ardhi njia ya Mtumba si unazijua, na kaka hilo hajawahi kulimaliza. Basi letu la kazini linapita palepale kila asubuhi, siku hizi wamejenga godauni. Mi huwa nakaa upande wa kushoto jua lisinipige. Ila tuachane na hayo, sio hoja.

Hoja ni Jumamosi. Niseme ukweli kwamba kimeniboa nionekane mshamba, au nisifie tu yaishe? Na je, shida ni mimi?

Binti wa Mzee, Ilazo

* * *

Marahaba mwanangu. Na nyie wengine mnaochungulia barua ya mwenzenu, mbukwenyi.

La Jumamosi ni jepesi, tulimalize. Sema kimekuboa. Mimi nimefundisha fasihi sekondari miaka 31, nimeona watoto wakimeza sifa za kitabu teule kama panadoli, "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa", ukimuuliza amefaulu nini anaangalia dari. Mtu aliyeudhika na kitabu mpaka akazima simu akaenda kukaa uani, huyo amekisoma. Na huyo mwalimu wenu mwambie Shangazi anamsalimia, ila hiyo hoja ya "hujakielewa" ni kufuli, inafunga mlango na ufunguo anabaki nao yeye.

Halafu tuzo sio msahafu. Mwaka huo 2011 mwenyekiti wa majaji wa Booker alikuwa Stella Rimington, mama aliyekuwa mkuu wa MI5, yaani shushushu mstaafu, na majaji wakatangaza kwamba wao wanatafuta vitabu vinavyosomeka, weee, wasomi wa kule walivyochachamaa, eti tuzo inashushwa hadhi. Barnes mwenyewe alikuwa ameshaingia fainali mara tatu huko nyuma akatoka mikono mitupu, na aliwahi kuiita tuzo hiyo hiyo bingo ya watu wa hadhi. Ikaja siku bingo ikamwangukia, akapokea paundi elfu 50. Sisemi hakustahili. Nasema hata yeye hakuwahi kudai kuna malaika aliyeshuka kukipiga muhuri, kwa hiyo wewe na hao wenzako wanane mnaruhusiwa kuvuta sura mbaya.

Sasa kitabu chenyewe. Mimi nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza mama yangu alikuwa bado yupo, yuko kama baba yako alivyo sasa, na mimi kiliniudhi vilevile, nikakigawa siku ya pili yake kwa mtu ambaye simpendi sana. Mama wakati huo alishasahau jina langu, ananiita dada. Lakini alikuwa anasimulia Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 mpaka 1920 hivi, wakati wa vita ya wazungu, majeshi yamebeba ng'ombe na nafaka na vijana, halafu mvua ikagoma. Anasimulia alivyokuwa anachimba mizizi na mama yake, anakuonyesha na vidole, udongo ulivyokuwa mgumu, walivyoichemsha mara tatu kutoa uchungu. Mama alizaliwa kama miaka kumi baada ya hiyo njaa. Ilikuwa ni kumbukumbu ya bibi, imehamia kwake kwa kusimuliwa na yake mwenyewe imefutika, amebaki na ya mtu mwingine. Basi mtu ukae na kitu kama hicho sebuleni kwako halafu ufungue kitabu ukute mzee wa London anagombana na mhudumu kuhusu chipsi. Nakuelewa kabisa.

Ila hapo ndo tulipokosea wote wawili, na yule mwalimu aliyekupa jukumu "kwa sababu ya mzee" kakosea zaidi yetu. Kile kitabu hakihusu baba yako hata kidogo. Wametumia neno moja, kumbukumbu, kwa mambo mawili ambayo sisi kwa bahati nzuri tuna maneno mawili. Baba yako amesahau. Tony anajisahaulisha. Baba yako ubongo unaumwa, hana anachopanga. Tony ubongo wake mzima kabisa, ila kwa miaka arobaini amekuwa akifuta kidogokidogo yale yanayomfanya aonekane mbaya, kama mtu anayepunguza picha akitoa pembeni wale asiowataka, mpaka amebaki na picha nzuri ya kijana mpole aliyeachwa. Waliokuambia ni kitabu cha uzee walikudanganya. Kingekuwa na mzee wa miaka 35 kingekuwa kilekile, tatizo tu kwa miaka 35 bado hujapata muda wa kutosha wa kufuta.

Ambaye hajakisoma na anataka kukisoma aruke aya hii. Kiini chake kiko kwenye barua. Rafiki yake Adrian alipomchukua Veronica, Tony aliwaandikia, na katika kichwa chake anajua aliwaandikia kistaarabu, kaumia lakini muungwana. Baada ya miaka arobaini Veronica anampa nakala ya hiyo barua. Ni matusi mwanzo mwisho. Kawalaani, kawaombea mabaya mpaka kwa mtoto watakayezaa, halafu akamshauri Adrian akamuulize mama wa msichana kuhusu tabia za binti yake. Na Adrian akaenda kwa mama. Kilichofuata huko ndo hicho kilichokufanya urudie kurasa mara mbili, na ndo maana yule mama alikufa anamwachia Tony hela. Wazee wetu walishalimaliza hilo kwa sentensi moja, mtenda husahau, mtendwa hasahau. Barnes kazungukia kurasa mia na hamsini, lakini ametuweka ndani ya kichwa cha mtenda, na hiyo ndo kazi aliyoiweza, huoni kama unadanganywa kwa sababu na yeye haoni.

Kasoro anazo, na Jumamosi usimwonee huruma. Veronica sio mtu, ni kufuli lingine. Kazi yake kila mara ni kumwambia Tony hujaelewa na hutaelewa, basi mwambie dada, umekaa na siri miaka yote, mtu kaja kukuuliza kwa heshima, mwambie! Lakini akisema kitabu kinaisha ukurasa wa sitini, kwa hiyo mwandishi kamfunga mdomo. Na yule kijana mwenye ulemavu anayetokea mwishoni, kaletwa kama jibu la kitendawili, hana siku yake hata moja ndani ya kitabu, hatujui anapenda kula nini. Hilo mimi lilinikera kuliko chipsi. Ukisimama na hayo mawili tu hakuna atakayekuita mshamba.

Na ukitaka kuwaonjesha wenzako mzee wa kweli na kumbukumbu za kweli, pendekeza riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, ya 2001. Mzee wa Zanzibar mwenye miaka 65 anashuka uwanja wa ndege Uingereza na kiboksi cha udi, anajifanya hajui Kiingereza, na jina analotumia sio lake. Kule anakutana na mtu mwingine wa nyumbani, na kila mmoja ana simulizi yake kuhusu nyumba ileile iliyopotea. Kule mtenda na mtendwa wote wamepewa kiti, wanakaa wanaongea. Mimi hicho nilikisoma polepole makusudi. Gurnah ndo yule aliyekuja kupewa Nobel 2021, ingawa nimetoka kukuambia usibabaishwe na tuzo, kwa hiyo sahau hilo.

Tuje kwa mzee. Mpeleke hospitali. Sio kwa sababu kuna dawa ya kumrudisha alivyokuwa, ikiwa ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, hakuna, lakini kuna mambo mengine yanayofanana nayo ambayo yanatibika au yanapunguzwa, tezi ya thairoidi, upungufu wa vitamini B12, dawa za presha na nyingine zinazogongana, sonona, hata masikio tu, mtu asiyesikia vizuri anaonekana kachanganyikiwa kumbe anakisia mnachosema. Anza pale mkoani au Benjamin Mkapa, waambie mmeanza kuona lini na kitu gani kilitangulia. Na Mirembe sio tusi, ni hospitali, ipo hapa tangu 1927, wanaoifanya tusi ni sisi tunaotaniana nayo.

Kuhusu ile jioni. Hali ya kuzidiwa na mkanganyiko jua likizama wahudumu wa wagonjwa wa aina hii wanaijua sana, mwanga unapungua, mwili umechoka, kichwa kinatafuta mahali kinapopajua. Na sehemu ya ubongo inayoshika mambo mapya, hipokampasi wanaiita, kwenye Alzheimer huwa ni ya kwanzakwanza kuumia, ya zamani yanakaa. Ndo maana jana hana lakini ndama anaye. Washa taa mapema, saa kumi na moja na nusu, kabla hajasimama. Mpe kamba yake mwenyewe, kamba ya katani ya ukweli, pazia uliache. Mpe na sinia la karanga za maganda amenye, mikono yake inazijua. Akimaliza kufunga fundo kaa naye muulize huyu ndama ni wa ng'ombe yupi, mama yake rangi gani. Utashangaa.

Na usimwambie tena tuliuza. Kwake kila siku hiyo ni habari mpya, unamfanya afiwe na ng'ombe walewale kila jioni saa kumi na mbili.

Halafu kuna lile jibu lingine unalompa. "Wewe mwenyewe baba."

Mwanangu, hapa nisamehe, mimi ni mwalimu, nikipewa karatasi nasahihisha. Umeandika aya nzima kuhusu kamba ya pazia, naiona mpaka fundo lake. Kamgahawa nakaona. Ndala mguu mmoja naiona. Ukifika kwenye barua ya 2009 ghafla unakimbia. "Kumshauri tu." "Barua ya kawaida." "Na heshima zote." Neno kwa neno hukumbuki ila heshima unaikumbuka. Halafu ukafunga kwa kusema sio hoja. Na jua je? Mimi hiyo njia ya Mtumba naijua, asubuhi gari linaenda mashariki, jua linakuja kwenye kioo cha mbele linampiga dereva na abiria wote bila ubaguzi, ukae kushoto ukae kulia. Hukai kushoto kwa ajili ya jua.

Sijui uliandika nini. Inawezekana kabisa uliandika kwa heshima na kaka yako ndo anayejisahaulisha, maana na yeye 2009 alikuwa mtu mzima, angeweza kusema baba usiuze. Inawezekana mzee aliuza kwa hesabu zake. Na ulikuwa binti wa miaka ishirini na kitu uko Dar, wenzako wanasaini mitihani wewe jina halipo kwenye orodha, mtu wa hali hiyo akishika kalamu Mungu ndo anajua kinachotoka. Mimi sikuhukumu, na ada ile imekufikisha mahali ambapo leo baba ana chumba na mtu anayelala mlango wazi. Ila usiku ule uliozima simu, sidhani kama zilikuwa chipsi. Tazama ulifikia wapi. Baada ya chipsi kurasa hazibaki nyingi.

Kama mzee ni wa rika lile ninalolijua, barua hakuchana. Iko kwenye sanduku la bati pamoja na kadi ya chama na risiti za kodi ya kichwa, na sanduku atakuwa nalo kaka yako. Usimwombe akupigie picha akutumie, na usimpigie kumuuliza ilisemaje, utapata simulizi yake. Kitabu maliza nacho Jumamosi, chai mnywe. Jumapili panda daladala la Ihumwa, ukae upande wa lile godauni. Mkishasalimiana na kaka yako, mkishakula, mwambie naomba nikaisome mwenyewe.

Ukishaisoma niandikie. Sio lazima nichapishe.

Shangazi